Injini Kuukuu ya Boti Imepoteza Nguvu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuifungua

Kwenye fuo za Ziwa Victoria upande wa Kenya, kuanzia Dunga na Usoma hadi Mbita, Usenge na Port Victoria, mwenye boti akifika kwa fundi husema jambo moja: "Mashine haivuti." Mara nyingi huongeza kwamba imezeeka, kwamba ameshabadilisha plagi, akabadilisha kabureta, na sasa anatafuta koili. Pesa zimekwisha na boti bado inatambaa. Ninavyoona mimi, injini nyingi zinazohukumiwa kwa umri wake zina kasoro moja ya bei ndogo ambayo hakuna aliyeitafuta kwa mpangilio. Kuitafuta hakuhitaji karakana kubwa. Kunahitaji sikio, spana ya plagi, geji ya kompresheni (ya kupima mgandamizo ndani ya silinda) unayoweza kuazima, na subira ya kutogusa kipuri cha pili kabla hujajua cha kwanza kilikuwa na kosa gani.

Maelezo haya yanahusu injini za mapigo mawili zenye kabureta, kama zile Yamaha Enduro za nguvu za farasi 15, 25 na 40 ambazo zimejaa ziwa hili. Majaribio yote ya majini yafanyie karibu na ufuo, asubuhi kabla upepo haujaamka, mkiwa wawili, maboya ya kuokolea yamevaliwa na makasia yamo ndani. Injini unayoishuku haijaribiwi usiku kwenye uvuvi wa omena (dagaa).

Inapiga resi au haipigi?

Hili ndilo swali la kwanza, na anayelijibu sawasawa ameshamaliza nusu ya kazi. Peleka boti kwenye maji wazi ikiwa na mzigo wa kawaida, fungua mafuta yote, usikilize. Je, injini inanguruma kwa nguvu lakini boti haiendi? Au injini yenyewe imezibwa sauti, haipandi, kana kwamba inavuta kitu kizito?

Ikiwa inanguruma na boti haiendi, usiguse kabureta. Nguvu ipo, ila inapotea kati ya injini na maji: propela, bushi yake, urefu wa kufungia injini, au boti yenyewe. Ikiwa injini haipandi, basi ama haipati mafuta, ama haipati cheche, ama inachemka, ama kompresheni imekwisha, ama imepewa propela nzito kuliko uwezo wake.

Sikio lina mipaka. Kipima mizunguko kidogo cha kuzungushia waya kwenye waya wa plagi si ghali, na kikundi cha wavuvi kinaweza kununua kimoja kikatumiwa na ufuo mzima. Injini nyingi za aina hii zinatakiwa zifike kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika mafuta yakiwa wazi kabisa. Ikipita hapo na boti haina kasi, au ikigota 3,800, umepata jibu ambalo halina ubishi.

Lakini kabla ya hayo yote, jua unastahili kutarajia nini. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hesabu hiyo, injini iliyoandikwa 40 hutoa kama 35 hapa Kisumu hata ikiwa imetoka dukani leo. Kule Naivasha, kaunti ya Nakuru, ambako ziwa liko karibu mita 1,890, hubaki na kama 32. Kwa hivyo ukinunua injini kuukuu iliyokuwa Mombasa au Kilifi, ikaja na propela yake na jeti za pwani (vitundu vya kabureta vinavyopima petroli), itaonekana dhaifu bila kuwa na ugonjwa wowote. Dawa yake ni propela yenye mkato (pitch, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) mdogo kwa inchi moja au mbili, na wakati mwingine jeti kuu ndogo kwa hatua moja. Injini hiyo ikirudi pwani siku moja, jeti yake ya pwani irudishwe kwanza, kwa sababu mchanganyiko mkavu, wenye petroli kidogo, kule chini hutoboa pistoni.

Inanguruma, boti haiendi

Anza na kuangalia kama kuna kitu kimenasa. Kwenye Ghuba la Winam gugumaji hufunga injini pande zote: mizizi huziba matundu ya kuvutia maji na majani hukaa mbele ya propela, nayo ikabaki kuchapa hewa. Zima, inua, safisha, jaribu tena. Ni jambo dogo lakini watu wamefungua injini kwa sababu ya jani.

Kisha angalia bushi. Ndani ya propela kuna mpira uliobanwa kati ya bomba la shafti na mapanga, kazi yake ikiwa kulinda gia propela inapogonga jiwe. Mpira huo ukizeeka huteleza. Kwa mwendo wa polepole unashika, lakini ukiongeza mafuta injini inapaa na boti inabaki pale pale. Mama mmoja mwenye boti za omena pale Dunga alikuwa ameambiwa na vijana wake kwamba pistoni zimekwisha. Nilisikiliza mashine ile ikipita mbele yetu, nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza. Una rangi ya kucha?" Akacheka, lakini akatuma mtoto nyumbani. Tuliinua injini tukachora mstari mmoja mwekundu ulionyooka, kutoka kwenye kitovu cha ndani kuvuka hadi kwenye mwili wa propela. Vijana wakaenda nayo kwa nguvu upande wa Hippo Point na kurudi. Walipoinua tena, nusu moja ya mstari ilikuwa juu na nyingine ilikuwa imezunguka hadi chini. Pistoni hazikuwa na neno. Bushi hubanwa upya kwa mashine ya kubania, na ikiwa mapanga yenyewe yamechakaa ni afadhali kununua propela nyingine.

Injini ndogo sana, za nguvu chini ya 8 hivi, mara nyingi hutumia pini badala ya bushi. Pini ikikatika boti haisogei hata kidogo. Beba za akiba, na usiweke msumari badala yake: msumari ukikataa kukatika, kitakachokatika ni gia.

Mapanga yatazame kwa jicho la karibu. Ziwa lilipopanda hadi kiwango cha kuvunja rekodi mwaka 2020, lilimeza miti, kuta na gati za zamani, na propela nyingi bado zinaonja vitu hivyo. Ncha ikipinda kidogo tu, panga hilo halishiki maji sawa na wenzake, injini inatetemeka na kasi inashuka. Mtetemeko huo usiuzoee, maana unakula sili za shafti (mipira inayozuia maji kuingia) pole pole.

Urefu wa kufungia injini ni kosa la kimya. Juu ya propela kuna bati bapa. Bati hilo linatakiwa liwe usawa na sehemu ya chini kabisa ya boti, au chini yake kwa kama sentimita 2 au 3. Likikaa juu zaidi, propela hunyonya hewa, hasa ukikata kona au wimbi likiinua nyuma ya boti, na utasikia injini ikipaa ghafla na kushuka. Likikaa chini mno, unakokota chuma majini bure. Injini za mguu mfupi zimekusudiwa ubao wa nyuma wa inchi 15, na za mguu mrefu inchi 20. Seremala akibadilisha ubao wa nyuma bila kupima, boti iliyokuwa ikikimbia jana haikimbii leo, na lawama inaangukia injini.

Na boti yenyewe? Mbao zilizokaa majini mwaka mzima bila kukaushwa wala kupakwa rangi zimekunywa maji. Ongeza maji yaliyotulia chini ya sakafu, ukungu wa kijani ulioota tumboni, na nyavu zilizolowa. Injini inavuta boti nzito kuliko ile uliyoinunua. Ipandishe ufuoni, ikwangue, ikauke, kisha hukumu injini.

Haipandi: anza na mafuta

Hapa ndipo penye kasoro nyingi kuliko kwingine kote, na hapa ndipo pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo katikati ya bomba la mafuta, inakuwa shahidi wako.

Endesha kwa nguvu mpaka injini ianze kufifia. Hapo hapo mwenzako aibinye pampu ya mkono mara kadhaa. Injini ikiamka na kurudi kwenye nguvu zake, umethibitisha kwamba inakufa njaa: mafuta hayafiki kwa kasi inayotakiwa. Isipoamka, ugavi wa mafuta huenda hauna kosa, na unaweza kuanza kufikiria cheche, au jeti iliyoziba ndani ya kabureta.

Sasa ishike pampu hiyo uisikie. Ikiwa imenywea, imejifinya kama tunda lililokauka, basi kizuizi kiko kabla yake, upande wa tangi. Fungua kwanza skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Wengi huifunga wakati wa kubeba ili petroli isimwagike, wakasahau. Tangi linaingia ombwe na injini inazima baada ya dakika chache, kisha inawaka tena baada ya kupumzika. Kama skrubu iko wazi, angalia kichujio cha mwisho wa bomba ndani ya tangi. Ikiwa pampu ni ngumu ilhali injini ina njaa, kizuizi kiko mbele: chujio dogo lililo kwenye injini, pampu ya injini, au kabureta. Na kama pampu haiwi ngumu hata ubinye mara ngapi, kuna mahali hewa inaingia au mafuta yanatoka. Kagua viungio vya bomba, hasa kile kinachochomekwa kwenye injini, ambacho mpira wake mdogo wa mviringo hukauka na kupasuka. Hakikisha pia mshale ulio kwenye pampu unaelekea injini. Bomba likibadilishwa kwa haraka, pampu hufungwa kinyume.

Pampu ya injini ina kiwambo chembamba cha mpira kinachochezeshwa na pumzi ya chini ya pistoni. Kikitoboka, mambo mawili hutokea kwa pamoja: mafuta yanapungua kwenye kabureta, na mengine yananyonywa moja kwa moja ndani ya silinda. Ndiyo maana unaweza kuona plagi moja ikiwa kavu na safi, ya pili ikidondosha petroli, na moshi mzito. Kitoe, kiinue mbele ya jua, kivute kidogo kwa vidole. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linatosha kuiba nguvu. Seti ya viwambo na gasketi zake ni ya bei ndogo, na kwa injini kuukuu isiyojulikana historia yake ningeibadilisha hata kabla ya kuona tundu.

Halafu kabureta. Jaribio zuri ni choki: injini ikiwa kwenye mwendo wa juu na imefifia, vuta choki kidogo sana. Ikipata nguvu, mchanganyiko ulikuwa mkavu, yaani jeti imeziba kwa utomvu wa petroli iliyokaa, au hewa ya ziada inaingia kupitia gasketi. Ikizidi kufa, mafuta yalikuwa tayari mengi. Jeti zisafishwe kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, zisichokonolewe kwa waya wa chuma. Waya hupanua tundu lililopimwa kwa sehemu ndogo za milimita, na jeti hairudi tena ilivyokuwa. Injini inayozima ikitulia lakini ikikimbia iko sawa, kosa lake kwa kawaida liko kwenye njia ndogo za mwendo wa chini.

Kuna kasoro nyingine ambayo haigharimu hata senti moja kuitafuta. Injini ikiwa imezimwa, vua kifuniko, zungusha mkono wa mwendo hadi mwisho, uangalie kipepeo kilicho kwenye mdomo wa kabureta. Je, kimefunguka kabisa, kimelala sawa na njia ya hewa? Kebo ikilegea au kiungo cha plastiki kikilika, mkono unafika mwisho na kipepeo kinabaki robo tatu. Injini ya 40 inakuwa ya 25, na hakuna kilichoharibika.

Petroli yenyewe nayo ishukiwe. Inayouzwa kwa mitungi ufuoni inaweza kuwa na maji, au kuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo, lakini petroli inayopita mikononi mwa watu wengi bado inastahili kupimwa. Kabla hujatia oili, mimina kidogo kwenye chupa ya kioo ikae: maji hushuka chini na mstari wake unaonekana. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi bila alama, ya mafuta ya taa huacha doa la grisi. Petroli ya namna hiyo hufanya injini iwe ngumu kuwaka, itoe moshi, na ikibebeshwa mzigo igonge kwa ndani hadi kuumiza pistoni.

Na oili. Injini nyingi za aina hii zinatumia uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Lita 20 zinataka mililita 400. Chupa ya soda ya nusu lita inatosha lita 25. Soma kitabu cha injini yako, kwa sababu zipo zenye uwiano tofauti. Wengine huongeza oili wakidhani wanaikinga mashine kuukuu. Oili ya ziada huchukua nafasi ya petroli inayopita kwenye jeti, hujaza masizi kwenye matundu ya moshi na kwenye ringi za pistoni, na huchafua plagi. Tumia oili yenye alama ya TC-W3, iliyotengenezewa injini za boti. Oili ya gari ina viungo vinavyoacha majivu yanapoungua, na majivu hayo hugandamana juu ya pistoni.

Cheche

Vua plagi zote mbili mara tu baada ya kuendesha kwa nguvu na kuzima ghafla, uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Hazidanganyi. Rangi ya kahawia iliyokauka ni afya. Nyeusi iliyolowa ni mafuta mengi au cheche dhaifu. Nyeupe yenye chembe zinazong'aa ni hatari, maana silinda hiyo inachemka na chembe hizo huenda ni alumini ya pistoni. Usiendeshe tena kabla ya kujua kwa nini. Zaidi ya rangi, tazama tofauti. Plagi mbili nyeusi sawasawa zinakuelekeza kwenye kitu ambacho silinda zote zinakitumia, kama petroli, oili au choki. Moja nyeusi na nyingine kahawia inakuelekeza kwenye silinda moja: koili yake, waya wake, kifuniko chake cha plagi.

Namba ya plagi si pambo. Kwenye plagi ya NGK kama B7HS-10, namba 7 inaeleza joto, na namba ikipanda plagi inazidi kuwa baridi. Ile 10 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.0. Ukiweka plagi yoyote iliyopatikana dukani kwa sababu uzi wake umeingia, umejitengenezea ugonjwa mpya.

Injini inayofanya vizuri ikiwa baridi, kisha baada ya nusu saa inaanza kukohoa na kupoteza silinda moja, na ikipoa inarudi, ishuku koili iliyo chini ya flaiwili au kisanduku cha CDI, kile cha umeme kinachoamuru cheche. Waya mwembamba ndani ya koili hupanuka ukipata joto na kuachana. Jaribio lazima lifanyike injini ikiwa ya moto, ndipo watu wengi wanapokosea: wanaipeleka kwa fundi kesho yake, imepoa, cheche zinaonekana za bluu na kali, wanaambiwa haina kosa. Cheche ipimwe kwa kifaa cha kupimia cheche au kwa plagi iliyoshikizwa vizuri kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la silinda na mbali na petroli iliyomwagika. Ya bluu inayolia ni nzuri, ya njano iliyopooza ni dhaifu.

Kabla ya kununua koili, chomoa waya wa swichi ya kuzimia. Swichi hiyo na kamba yake ya usalama hupigwa na maji kila siku, na waya ukigusana na chuma kidogo kidogo injini hukohoa kama koili imekufa. Jua mapema kwamba ukichomoa waya huo, injini utaizima kwa choki tu. Ukishajua jibu, rudisha waya, rudisha na kamba ya usalama.

Joto

Mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini uangaliwe kila unapowasha. Ukiwa mwembamba, zima kwanza na uchokonoe tundu lake kwa uzi mgumu wa nailoni, kwa kuwa nyigu wa udongo hupenda kujenga humo injini ikikaa siku chache ufuoni. Kama tundu liko wazi na maji bado ni haba, impela (gurudumu la mpira linalosukuma maji) imechoka au matundu ya chini yamejaa tope. Maji ya ghuba karibu na mito kama Nyando yana udongo mwingi, na udongo huo husugua mapanga ya mpira ya impela na sahani inayokaa juu yake. Badilisha impela angalau mara moja kwa mwaka ikiwa unavua kila siku. Ukiichomeka, zungusha shafti upande ule ule injini inaozunguka ili mapanga yalale sawa, na usiwashe injini nje ya maji hata kidogo. Impela kavu huungua kwa sekunde.

Mchirizi mzuri unathibitisha kwamba pampu inasukuma. Hauthibitishi kwamba njia zote ndani ya bloku ziko wazi. Injini iliyotoka pwani inaweza kuwa na chumvi iliyoganda kuzunguka silinda ya juu huku ikitema maji vizuri. Dondosha maji kwenye kichwa cha silinda baada ya kuendesha. Yakichemka na kuruka, kichwa kifunguliwe kisafishwe.

Kuna mafundi wanaotoa themostati (vali inayozuia maji hadi injini ipate joto) na kuitupa wakisema huku kuna joto. Maji ya ziwa yana kama nyuzi 25, na injini isiyo na themostati hubaki baridi mno, petroli haigeuki mvuke vizuri, masizi yanajaa na plagi zinalowa. Irudishe.

Oili ya gia

Legeza skrubu ya chini ya giaboksi kidogo. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Toa propela utazame nyuma yake: mara nyingi utakuta uzi wa nyavu umejizungusha kwenye shafti, umeyeyuka ukawa pete ngumu, na umekata sili. Uondoe wote kwa kisu kidogo, badilisha sili, kisha jaza oili kutoka tundu la chini mpaka itokeze tundu la juu, ili hewa isibaki ndani.

Kompresheni

Nimeiacha mwisho kwa makusudi, ingawa wengi huanza na hofu hii. Pasha injini moto, toa plagi zote, shikiza waya za plagi kwenye chuma, fungua kipepeo kabisa, kisha vuta kamba mpaka sindano ya geji isipande tena. Namba yenyewe hutofautiana kati ya geji na geji. Muhimu ni silinda mbili zikaribiane. Tofauti ikizidi asilimia 10, kuna jambo. Tia kijiko kidogo cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimekwama kwa masizi au silinda imelika. Isipopanda, shuku gasketi ya kichwa au pistoni iliyotoboka.

Ringi zilizokwama huweza kufunguka. Mwaga dawa ya kuondoa masizi kupitia tundu la plagi, iache ilale usiku mzima, asubuhi iwashe uone itakavyotema moshi, kisha upime upya. Lakini ukichungulia kupitia tundu la moshi ukaona mikwaruzo mirefu kwenye ukuta wa silinda, dawa haitasaidia. Silinda itakerezwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, kwa kawaida ya milimita 0.25 au 0.50 zaidi. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mkerezaji aipime mkononi, ndipo akate. Na kabla ya kufunga, pata jibu la kwa nini ya kwanza iliungua: jeti kavu, oili kidogo, au maji yasiyofika. Injini iliyofungwa bila jibu hilo itakwaruzika tena msimu huo huo.

Ikishafungwa, tumia uwiano wa 25 kwa 1 kwa saa 10 za kwanza, yaani mililita 800 za oili kwa lita 20. Saa ya kwanza iwe ya mwendo wa chini unaobadilishwa badilishwa, bila mzigo wa nyavu. Zikiisha saa 10, rudi kwenye 50 kwa 1, kaza upya boliti za kichwa kwa kipimo cha kitabu injini ikiwa baridi, weka plagi mpya, na upime tena mizunguko boti ikiwa na mzigo wa kawaida.